Kutoka Kitandani Hadi Zahanati

Mwulize fundi mwashi yeyote kati ya Dumila na Kilosa mlango wa chumba una upana gani, atakujibu hata kabla hajashika futi kamba. Mwulize jamvi la nyumba linainuliwa kiasi gani kutoka usawa wa ardhi, atakujibu pia. Sasa mwulize vipimo hivyo vilipimwa kwa mwili wa nani. Hapo wengi hunyamaza, si kwa ujinga, bali kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza. Mimi nimeshika mwiko tangu ujana, nikaenda chuo cha ufundi nikajifunza kusoma ramani na kukadiria gharama, na swali hilo sikulikuta darasani. Nililikuta nyumbani, kwa shangazi yangu, ambaye polio ilimpooza miguu yote miwili kabla hajafikia umri wa kuanza shule.

Nyumbani ni Mvumi. Nasema Mvumi ya Kilosa, mkoani Morogoro, maana watu wakisikia jina hili hukimbilia Mvumi ya Dodoma yenye hospitali. Mvumi yetu iko kwenye barabara itokayo Dumila kuelekea Kilosa mjini, nchi tambarare yenye udongo mzito mweusi, ambao kiangazi hupasuka na masika hunata mpaka kandambili zinabaki nyuma. Tunalima mahindi, tunalima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji, na tunaishi kwa kuyaheshimu maji. Wilaya nzima inakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2010, mto Mkondoa ulipovunja kingo zake na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao pale Kilosa. Ndiyo maana kwetu mtu mwenye uwezo hujenga msingi mrefu. Mzee aliyenifundisha kazi hakukubali jamvi lililo chini ya goti la mtu mzima.

Busara hiyo ya mafundi wetu, nzuri kabisa mbele ya mafuriko, ndiyo iliyomfungia shangazi nje. Kila tofali tulilopandisha ili maji yasiingie lilimzuia na yeye asiingie. Hakuna aliyekusudia, na sidhani kama kuna fundi duniani anayeamka asubuhi akiwa na nia ya kumzuia mtu kuingia ndani. Lakini ukuta haujui nia ya aliyeujenga.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Mafundi wengi wa vijijini hutumia cherehani za kukanyaga kwa miguu. Yeye alikuwa na ile ya mkono, yenye mpini ubavuni, ambayo unaweza kuiweka juu ya meza au sakafuni. Aliketi kwenye mkeka, mkono wa kulia ukizungusha, wa kushoto ukiongoza kitambaa. Alishona sare za shule, na mwezi Januari shule zinapofunguliwa wazazi walimsubiri chini ya mwembe tangu alfajiri. Akiwa pale kwenye mkeka hakuna aliyemwita mlemavu. Aliitwa Fundi, na waliochelewesha malipo walimwogopa. Akitoka kwenye mkeka kwenda kuchota maji, au kupeleka nguo gulioni, watu wakaanza kumhurumia. Mtu ni yule yule na miguu ni ile ile. Nikiwa bado kijana nikaanza kuona kwamba ulemavu wake ulikuwa unakuja na kuondoka, kufuatana na kitu kilichowekwa mbele yake.

Jambo hili wataalamu wameliandikia vitabu vingi, na baadaye nilivisoma baadhi. Ila mimi nililiona kwanza kwenye cherehani. Kampuni iliyotengeneza mashine ile haikumtengenezea mtu aliyepooza. Ilitengeneza mashine nyepesi ya kubebeka. Mafundi wenye miguu mizima waliipenda kwa sababu unaweza kuipakia kwenye baiskeli ukaenda nayo mnadani. Shangazi aliipenda kwa sababu ilimpa kazi. Kifaa kimoja, faida mbili.

Alipoanza kuugua presha ilibidi aende zahanati mara kwa mara, nami nikawa msindikizaji wake. Wakati huo alishapata baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendesha kwa mikono, kwa msaada wa kanisa. Kabla ya hapo alitambaa, kandambili akiwa amezivaa viganjani. Safari zile zilinifundisha kuliko chuo.

Safari ilianzia kitandani. Kitanda chake kilikuwa kirefu, akitaka kushuka ilibidi aite mtu. Nikakikata miguu mpaka godoro likalingana na kiti cha baiskeli, ikawa anajihamisha mwenyewe. Mlangoni palikuwa na kizingiti cha mbao, kazi nzuri ya babu, tukaking'oa. Hadi hapo tulikuwa kwenye mamlaka yetu. Kutoka uani kwenda barabarani palipita mfereji, na juu ya mfereji ziliwekwa mbao mbili sambamba. Mtu anayetembea anavuka huku anaongea na simu. Baiskeli ya magurudumu matatu haina pa kupita hapo, kwa sababu yale mawili ya nyuma yanaweza kukaa juu ya mbao, lakini la mbele linatua katikati, kwenye pengo. Tulikuwa tukisubiri vijana watokao majarubani watunyanyulie. Msimu wa kupandikiza mpunga vijana wapo wengi, nje ya msimu tulingoja sana.

Baada ya mfereji, lami. Lami ilikuwa raha yake, alikuwa akiniacha nyuma nikimkimbilia. Halafu tukafika zahanati, ambapo ngazi nne za zege zilitusubiri, hazina mteremko wala cha kushikilia. Wahudumu walikuwa watu wema, wakatoka wenyewe kumbeba. Ndani, mzani ulikuwa wa kusimama. Uzito wa shangazi uliandikwa kwenye kadi kwa kukadiria, na mgonjwa aliyekuwa nyuma yetu akapimwa kwa usahihi. Choo kilikuwa uani, mlango mwembamba, tundu la kuchuchumaa, sakafu yenye maji.

Kuhusu choo kile, kuna siku nilimwuliza kwa nini midomo yake imekauka hivyo na jua bado halijawa kali.

"Shangazi, hujanywa maji?"

"Tangu jana jioni sinywi, baba. Nikinywa nitahitaji choo, na choo cha kule siingii."

Mgonjwa wa presha, anayemeza dawa, alikuwa akikaa na kiu usiku kucha na nusu ya siku, kwa sababu ya mlango wa choo. Hakuna ripoti ya afya itakayoandika hilo. Kwenye daftari la zahanati alihesabika kama mgonjwa aliyehudumiwa. Nikamwambia si afadhali tuwaombe wahudumu wambebe hadi huko. Akanitazama kwa uso uleule aliowatazamia wadaiwa wake wa sare.

"Mimi ni mtu mzima. Sitaki kubebwa kwenda chooni. Anayekubeba ndiye anayeamua saa ya kwenda."

Tangu siku ile nikaacha kuangalia majengo moja moja. Nikaanza kuangalia safari. Zahanati ingeweza kuwa na mteremko mzuri kuliko yote wilayani, na bado shangazi angekwama kwa sababu mfereji hauvukiki. Mfereji ungeweza kujengewa kalvati safi, na bado angekaa na kiu kwa sababu ya choo. Tunapojisifu kwamba jengo fulani "linafikika", inatupasa tuulize linafikika kutoka wapi, na akishafika atafanya nini, na atarudije.

Miaka ya baadaye nilikuja kusoma habari za Ronald Mace. Mmarekani huyu alizaliwa mwaka 1941, akaugua polio akiwa mtoto, akawa anatumia kiti mwendo. Alisomea usanifu majengo katika chuo kikuu cha jimbo la North Carolina, na huko alikuwa akibebwa kupandishwa na kushushwa ngazi ili afike darasani. Akahitimu mwaka 1966. Yeye ndiye aliyeshikilia hoja kwamba tusijenge kwanza kwa ajili ya "watu wa kawaida" halafu tubandike nyongeza ya walemavu ubavuni. Tujenge kitu kimoja, tangu mwanzo, kitakachowafaa watu wengi kadiri inavyowezekana, bila kuhitaji marekebisho. Mwaka 1997, mwaka mmoja kabla hajafariki, yeye na wenzake walitoa kanuni saba za usanifu wa namna hiyo. Nikizisema kwa maneno ya kwetu: kitu kimfae kila mtu bila kumfedhehesha yeyote, kiruhusu njia zaidi ya moja ya kukitumia, kieleweke hata na mgeni, habari zake zifike kwa macho, kwa masikio na kwa mikono, mtu akikosea kidogo asiumie, kisimchoshe mtu, na nafasi itoshe, awe mnene au mwembamba, amesimama au ameketi.

Nilipofika kwenye habari ya kubebwa nilisitisha kusoma. Huyu alikuwa mtaalamu wa Marekani na shangazi alikuwa mshona sare wa Mvumi, na wote wawili walichoshwa na kitu kilekile.

Mwanzoni nilidhani mambo haya ni ya nchi zenye lifti. Kuna kitabu kingine kilichonitoa wasiwasi huo, cha David Werner, yuleyule aliyeandika kitabu tunachokijua kwa Kiswahili kama "Mahali Pasipo na Daktari". Mwaka 1987 Werner alitoa kitabu kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, kutokana na kazi ya kijiji kimoja cha milimani huko Meksiko, ambako vijana wenye ulemavu wenyewe walikuwa wakitengeneza vifaa kwa miti, mipira ya matairi na vyuma chakavu. Vipimo vya mle ni vya seremala wa kijijini. Nikajua basi kwamba kinachotakiwa kwanza ni kuuliza, kisha ufundi, na fedha zinakuja baadaye.

Na sheria ipo. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu Desemba 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mafundi wengi niliofanya nao kazi hawajawahi kuishika mkononi, na siwalaumu. Fundi hujenga alichoonyeshwa na aliyemlipa.

Nafasi ya kuonyeshana ilikuja mwishoni mwa mwaka 2021. Nchi nzima ilikuwa inajenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, na kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Kazi ilikuwa ya kukimbizana, yakamilike kabla ya shule kufunguliwa Januari. Mimi nilikuwa fundi kwenye eneo moja wilayani kwetu. Ramani tuliyokuwa nayo ilikuwa na mteremko mbele ya baraza, mstari mfupi tu uliochorwa pembeni. Mafundi wenzangu walitaka kuujenga kama ulivyozoeleka: mita moja na nusu, unainuka ghafla, unapakwa niru unang'aa, kazi imekwisha.

Nikachukua kamba na pima maji. Baraza letu lilikuwa juu kwa sentimita 45, kwa ajili ya yale maji ninayoyasema. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Sentimita 45 mara kumi na mbili ni mita 5.4. Mteremko wa mita moja na nusu kwa kimo hicho si njia ya mtu. Mtoto wa kiti mwendo hawezi kuupanda peke yake, na akishuka atafika chini kabla ya breki.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee makini aliyekuwa akihesabu hata misumari, akaja kusimama karibu na kamba yangu.

"Fundi, shule hii ina wanafunzi wangapi wa kiti mwendo?"

"Hakuna, Mzee."

"Sasa mita tano zote hizi ni za nani?"

"Mzee, naomba nikuulize. Watoto wa namna hiyo hapa kijijini wako wapi?"

Akaanza kuwataja mwenyewe. Kuna wa yule mama wa karibu na mashine ya kukoboa. Kuna kijana, mjukuu wa mzee fulani, alisoma hadi darasa la tatu akaacha. Kuna binti ambaye hutoka nje jioni tu. Alikuwa anawajua wote kwa majina na kwa ukoo. Alipomaliza kuwataja akaangalia tena ile kamba, kisha akawaambia vijana wahamishe rundo la kokoto lililokuwa limeziba njia.

Hesabu ile ya "hatuna mwanafunzi wa hivyo" ndiyo inayotuponza kila mahali. Shule haina watoto wenye ulemavu kwa sababu imejengwa wasiweze kuingia, halafu kutokuwepo kwao kunakuwa sababu ya kuendelea kujenga vilevile. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 wana ulemavu wa aina fulani. Chukua darasa lako, ukumbi wako wa mikutano, msikiti wako au kanisa lako, uhesabu kama asilimia hiyo wamo. Kama hawamo, wako nyumbani.

Tulivyoujenga ule mteremko niseme kidogo, kwa kuwa huenda kuna fundi anasoma. Udongo tuliochimba kwenye msingi hatukuutupa. Tuliutumia kama kifusi, tukashindilia kwa tabaka nyembamba huku tukimwagia maji, juu tukaweka zege jembamba. Saruji yote, pamoja na kingo za pembeni, haikuzidi mifuko sita. Linganisha na milioni 20. Upana tuliweka mita moja na robo. Pembeni tukainua kingo ya kimo cha kiganja ili gurudumu lisichomoke, na juu, mbele ya mlango, tukaacha uwanja bapa wa mita moja na nusu. Uwanja huo mafundi husahau. Mlango wa darasa hufunguka kwa nje. Kama mteremko unagota mlangoni, mtoto anayevuta mlango atalazimika kurudi nyuma huku amekaa kwenye mwinuko. Na niru tukaiacha. Fundi hupenda niru kwa kuwa ndiyo sahihi yake, inateleza kama kioo na mwenye nyumba anafurahi. Mvua ikinyesha, mteremko wa niru ni hatari hata kwa mwalimu mwenye viatu vipya. Tulipitisha fagio la chelewa juu ya zege kabla halijakauka, mistari ikakata upana wa njia, gurudumu na unyayo vikapata pa kushika.

Shule ilipofunguliwa, wa kwanza kuutumia ule mteremko walikuwa vijana waliokuwa wakiingiza madawati kwa toroli. Kisha mwalimu mjamzito. Kisha mlinzi, ambaye goti lake humsumbua wakati wa baridi. Nililiona jambo hilihili Dar es Salaam baada ya mabasi ya mwendokasi kuanza Mei 2016. Kituo kimeinuliwa kikalingana na sakafu ya basi, abiria haingii kwa ngazi. Wengi wanaofaidi usawa ule ni akina mama wenye watoto mgongoni, wafanyabiashara wenye mizigo na wazee, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba anatumia kitu kilichodaiwa kwa miaka mingi na watu wa viti mwendo.

Nilipoanza kuzungumzia mambo haya nilidhani shangazi amenifundisha yote. Lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kuwasemea wengine wote. Mzee mmoja aliyekatwa mguu kwa kisukari, anayetembea kwa magongo, aliniambia mteremko mrefu unamuumiza makwapa. Yeye anataka ngazi fupi zenye chuma cha kushikilia, apande apumzike. Ni kweli, na dawa yake ni kuweka vyote viwili pale nafasi inaporuhusu. Mwalimu mmoja asiyeona naye alinisikiliza nikisifia kusawazisha kila kitu, akatikisa kichwa.

"Fundi, mkisawazisha kila kitu mimi napotea."

Fimbo yake nyeupe husoma kingo. Ukingo wa njia ndio unaomwambia kwamba bado yuko njiani na hajaingia barabarani. Anachohofia yeye ni mfereji usiofunikwa, tawi la mwembe lililoinama usawa wa uso, na pikipiki iliyoegeshwa mahali ambapo jana haikuwepo. Aliniomba pia kitu ambacho wenye macho hafifu wote wanakihitaji, na ni rahisi kupita vyote: ukingo wa kila ngazi upakwe rangi inayopingana na zege, njano au nyeupe. Kopo dogo la rangi linatosha shule nzima. Na mtoto mwenye ualbino asikalishwe dirishani penye jua. Akae mbele, kivulini, aone ubao.

Viziwi ndio tunaowasahau zaidi, kwa kuwa hakuna ngazi inayowazuia. Shule zetu nyingi zina kengele ya rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Mtoto kiziwi anajua mapumziko yamekwisha anapowaona wenzake wanakimbia. Akiwa chooni au nyuma ya jengo, hajui. Bendera ndogo inayopandishwa wakati huohuo kengele inapogongwa ingemaliza tatizo hilo.

Na kuna pale ambapo si mapumziko tu yanayohusika. Januari 2014 maji yalifurika Dumila na Magole, majirani zetu, yakavunja barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma. Kwetu usiku wa mvua kubwa habari huenda kwa sauti: yowe, filimbi, kipaza sauti, simu inayolia. Jirani yetu ana binti kiziwi, na katika misimu ile mama yake alilala amemshika mkono. Nilipomwuliza shangazi yeye angefanya nini maji yakija, alijibu kwamba yeye atasikia ila hatakimbia, na yule binti anaweza kukimbia ila hatasikia, basi wangeweza kulala nyumba moja. Baadaye nyumba kadhaa za upande wetu zilikubaliana nani anamfuata nani na tochi usiku, kabla ya kuokoa godoro au gunia la mpunga. Mpango huo haukuhitaji saruji, na mimi nauita usanifu sawa na mteremko wowote.

Simu zimesaidia kwa kiasi chake. Ujumbe mfupi wa maandishi uliwafungulia viziwi dunia, ingawa sisi wengine tuliuona kama njia ya kuokoa vocha. Mwalimu yule asiyeona ana simu inayomsomea maandishi kwa sauti, anapokea mshahara na kununua umeme bila kumtajia mtu namba yake ya siri. Lakini simu hizo ni ghali, na wengi bado wanamnong'onezea wakala tarakimu nne ambazo hazikupaswa kutoka kinywani.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma ikipitia Kilosa. Nimefurahi kama kila mtu wa wilaya hii. Lakini mtu wa Mvumi mwenye kiti mwendo safari yake haianzii stesheni. Inaanzia kitandani, inapita kizingiti, uani, mfereji, kituo cha basi na ngazi za basi lenyewe, ndipo aifikie hiyo treni.

Mfereji ule wa nyumbani hatimaye ulipata kalvati. Hatukuomba kwa jina la shangazi. Tulikwenda kwenye kikao cha watumia maji tukasema mbao zile haziwezi kupitisha pawatila, wala baiskeli yenye gunia la mpunga, wala mama aliyebeba mtoto na jembe. Kila mmoja alikuwa na mfano wake. Kila kaya ikachangia mawe na nguvu kazi, na tulipopanga upana nikauliza baiskeli ya magurudumu matatu inahitaji kiasi gani, tukaongeza na nafasi ya mtu kupishana nayo. Shangazi alikaa kivulini akitupimia kwa macho, akatukataza kuacha ukingo wa upande mmoja bila kuinuliwa. Alilitumia kalvati hilo mpaka alipofariki. Leo pawatila zinapita pale kila msimu.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na miradi ya ujenzi hupita hapo kabla ya msingi kuchimbwa. Ukihudhuria unaofuata, omba ramani ya jengo linalojadiliwa iwekwe mezani. Uliza baraza lina kimo gani na mteremko una urefu gani, gawanya urefu kwa kimo, uone kama inafika kumi na mbili. Uliza mlango wa choo una upana gani. Kisha angalia waliohudhuria, na kama mtu wa kiti mwendo, asiyeona na kiziwi hawamo, muombe mwenyekiti asifunge ajenda hiyo mpaka waulizwe, hata kama itabidi kamati iwafuate majumbani.